Almasi kwenye herufi: majalada ya rap niliyoyakuta Houston

Anayetaka kuyacheka majalada ya albamu za rap huanzia Kusini mwa Marekani, miaka ya tisini. Jina la msanii limejazwa almasi herufi kwa herufi, nyuma kuna jumba, mbele gari linalometameta, pembeni moto, na katikati kijana ana sigara mkononi na mkufu mzito kifuani. Picha hizi huzungushwa sana mitandaoni, watu wakichekeana. Mimi naishi Houston, Texas, mji ambako nyingi kati yake zilitengenezwa, na hadi leo sijachoka kuzitazama. Kabla ya kuja huku nilikuwa nachora matatu, yale mabasi madogo ya abiria ya Nairobi, kazi ya kuandika majina kwa herufi kubwa ili mtu wa mbali ayaone. Kwa jicho hilo, ninachokiona pale ni kazi ya mafundi waliojua mteja wao ni nani.

Kampuni yenyewe iliitwa Pen & Pixel Graphics. Ndugu wawili, Aaron na Shawn Brauch, waliianzisha mwaka 1992 hapahapa Houston baada ya kufanya kazi Rap-A-Lot, lebo (kampuni ya kutoa muziki) iliyoutangaza mji huu kwenye ramani ya rap. Ilifungwa mwaka 2003. Kati ya miaka hiyo walitoa majalada kwa maelfu: ya No Limit ya Master P, ya Cash Money, lebo zote mbili za New Orleans, na ya vijana wengi wa miji midogo ambao leo huwasikii popote mpaka ukute CD yao kwenye duka la mitumba. Msanii alipigwa picha studio, halafu jumba, gari na moto vikaunganishwa kwenye kompyuta. Photoshop ilipata uwezo wa kupanga picha kwa tabaka mwaka 1994 tu, na nadhani hakuna watu waliousukuma uwezo huo kwa nguvu kama hawa. Jalada lao moja linamwonyesha rapa aitwaye Big Bear akiwa mezani na dubu. Dubu wenyewe, wakubwa kabisa. Jina lake ukiliona mara moja hulisahau tena.

Kwa nini waliweka vitu vingi hivyo mahali padogo? Padogo penyewe ni sehemu ya jibu. Jalada la santuri lilikuwa na upana wa sentimita 30 na ushei, la CD ni sentimita 12. Ukipiga hesabu, nafasi aliyobaki nayo mchoraji haifiki hata moja ya tano ya ile ya zamani. Mpaka mwaka 1993 CD nyingi hapa Marekani ziliuzwa ndani ya maboksi marefu ya karatasi ngumu, ili zikae kwenye masanduku yaliyokuwa ya santuri. Maboksi yalipoondolewa, kikabaki kile kiplastiki kidogo chenyewe, kimepangwa na vingine mamia kwenye safu, na mnunuzi anavipekua kwa vidole viwili. Kinachoonekana kwanza ni sehemu ya juu. Kwa hiyo jina linakaa juu, pana, lenye mwanga. Gereji niliyofundishiwa kazi ilikuwa na sheria hiyohiyo: jina lisomeke kabla gari halijasimama stejini, kwa sababu abiria huamua atapanda lipi wakati bado linakuja.

Jibu lingine ni redio. Rapa wa New York alikuwa na vituo vya kumpigia nyimbo, magazeti ya kumwandika na lebo kubwa mtaa wa pili. Wa New Orleans, Memphis au Houston kwa miaka mingi hakuwa na hayo. Aliuza kutoka kwenye buti la gari lake, kwenye vinyozi, kwenye viduka vya mtaani. Mnunuzi aliyeshika CD ile huenda hajawahi kusikia hata wimbo mmoja. Jalada likabidi limweleze yote palepale: huyu ni wa kwenu, anatoka mtaa kama wako, rap yake ni ya mtaani na besi zake ni za kutikisa gari, na anakokwenda ndiko unakotamani kwenda. Ndiyo maana nyumba mbovu za mtaa na mkufu wa dhahabu vinakaa kwenye picha moja bila kugombana. Kimoja ni anwani, kingine ni ahadi.

New York nayo ilikuwa imeshasema mambo hayo, ila kwa utulivu zaidi na kwa mafungu. Mwaka 1987 Eric B. na Rakim walitokea kwenye jalada la Paid in Full wakiwa na minyororo minene ya dhahabu na majaketi ya Dapper Dan, fundi cherehani wa Harlem aliyekuwa anashona nguo zenye alama za Gucci kwa mtindo wake mwenyewe. Hapo mali ndiyo inayozungumza. Mwaka 1994 Nas, kwenye Illmatic, aliweka sura yake ya utotoni juu ya majengo ya Queensbridge alikokulia, na picha ile ya utotoni aliipiga baba yake. Hapo kinachozungumza ni mahali. Wakosoaji walilisifu jalada la Nas kuwa sanaa, ya Kusini wakayaita ushamba. Sikubaliani nao. Mtu wa Kusini alichukua jumbe zote mbili, akazibana ndani ya sentimita 12, kisha akaongeza sauti kwa kuwa alijua hakuna atakayemsemea.

Nenda uone namna wanunuzi walivyojibu. Albamu ya 400 Degreez ya rapa Juvenile ilitoka Cash Money mwaka 1998, herufi zinameremeta na moto umewaka nyuma yake, na ikauza zaidi ya nakala milioni 4 Marekani peke yake. Master P naye hakuliacha jalada liishie mbele. Nimewahi kukaa na CD kadhaa za No Limit mapajani, nikazifungua moja moja. Kijitabu cha ndani kina maneno machache sana ya nyimbo. Badala yake kuna kurasa za matangazo, majalada madogo madogo ya albamu zinazokuja, yamepangwa kwa safu, kila moja na nembo ya kifaru cha vita. Umenunua albamu moja, umekabidhiwa orodha ya bidhaa za lebo nzima. Mgongo wa CD, rangi, kifaru, mpangilio wa herufi, vyote vinafanana kiasi kwamba ukisimama mbele ya rafu unaitambua familia kabla hujasoma jina la mtoto.

Pembeni mwa majalada haya kuna kile kibandiko cheusi na cheupe cha kuwaonya wazazi. Kilitokana na kampeni ya kina mama wa Washington iliyoanza mwaka 1985, na sura yake ya pamoja ilipatikana mwaka 1990, ikianza na albamu ya 2 Live Crew ya Miami. Nia ilikuwa kuwazuia watoto. Haikuchukua muda vijana wakaanza kukitafuta, na wachoraji wakajifunza kukiachia nafasi tangu mwanzo, kwa sababu albamu ya rap ya mtaani isiyo nacho ilionekana imepoa.

Sasa, Houston hiihii ilitoa kitu kilicho kinyume kabisa cha almasi zote hizo, na mgeni asiyekijua kitu hiki bado hajaujua mji. DJ Screw, aliyezaliwa Robert Earl Davis Jr. mwaka 1971, alikuwa anapunguza kasi ya santuri mpaka sauti ya rapa inazama na kuburuzika, halafu anarekodi kwenye kaseti. Alifariki Novemba 2000 akiwa na miaka 29. Kaseti zake aliziuzia nyumbani kwake, upande wa kusini wa mji, magari yakipanga foleni nje jioni. Zilikuwa kaseti za kijivu za Maxell, bila picha, bila jumba, bila hata herufi moja ya kuchapa. Jina la kanda liliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Basi. Wapo walioagiza kanda ya siku yao ya kuzaliwa, wakachagua nyimbo wenyewe, na tarehe ile ikawa ndiyo jina la kanda.

Nililiwaza sana jambo hili nilipokuwa mgeni. Iweje mji mmoja, miaka ileile, wateja walewale, wafurahie almasi za Pen & Pixel na pia wapange foleni kununua kaseti tupu ya kijivu? Jibu nililolipata kwa watu wa hapa ni la kueleweka. CD ya almasi ilikuwa inasafiri kwa watu wasiokujua, hivyo ilibidi ijieleze. Kaseti ya Screw uliipokea kwake mwenyewe, au kwa rafiki aliyefika kwake, na mwandiko ule ulikuwa ushahidi kwamba imetoka mlangoni pake. Ukiiwekea picha ya kung'aa ungeiharibu, watu wangedhani ni ya kughushi. Umasikini wa kanda ile ulikuwa umbo kamili, na kila mtu wa kusini mwa Houston alijua kuusoma.

Lipo jalada moja la mji huu ambalo silitazami kwa furaha. Mwaka 1991 kundi la Geto Boys, la Rap-A-Lot, lilitoa albamu ya We Can't Be Stopped. Picha ya mbele ni ya kweli, imepigwa hospitalini: Bushwick Bill yuko kwenye kitanda cha magurudumu, jicho lake limepigwa risasi punde tu, na wenzake Scarface na Willie D wako naye. Hakuna kompyuta hapo. Jalada lile lilitangaza kwa nguvu kwamba rap ya Houston haiigizi, na kwa kipimo cha biashara lilifanikiwa. Bushwick Bill, mzaliwa wa Jamaika, mhamiaji kama mimi, alikuja kusema baadaye kwamba lilikuwa linamuumiza kulitazama. Alifariki mwaka 2019. Kila nikisikia mtu analisifu kwa ujasiri wake namkumbuka yeye kwanza. Mtu alikuwa na maumivu, na maumivu yake yakafanywa karatasi ya kufungia bidhaa. Vivyo hivyo siwezi kuwatetea wasichana waliopangwa kwenye majalada ya Pen & Pixel pamoja na magari na chupa, hawana jina wala sababu ya kuwapo. Usanii wa herufi nautetea, hilo silitetei.

Herufi zenyewe bado ziko barabarani. Jumapili, upande wa kusini, utayaona magari wanayoyaita slab yakipita polepole: magari ya zamani yaliyopakwa rangi nzito ya kung'aa mithili ya peremende, magurudumu yana spoki zilizochomoza nje, na buti likifunguliwa kuna maneno yanawaka taa ndani, jina la mtaa au la marehemu rafiki. Nilipoliona la kwanza nilisimama kando ya barabara nikalitazama hadi lilipopinda kona. Nilikuwa naziona nganya za Nairobi, yale matatu yaliyopambwa. Udugu huo si wa kubahatisha, kwa sababu sisi wachoraji wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa na majalada ya CD pale gereji, yamechafuka rangi, tukiyatolea mitindo ya herufi na sura za marapa wa Marekani za kuweka ubavuni mwa matatu. Sikujua wakati ule kwamba mwale wa nyota niliokuwa naupuliza kwenye pembe ya herufi umetoka Houston. Kanuni za matatu za 2004 zilipoleta mstari wa manjano, kazi ile ilipungua sana, na wengi wetu tukatafuta njia nyingine.

Leo jalada limekuwa kipicha kidogo kwenye simu, kidogo kuliko hata CD, na ajabu ni kwamba sheria za Pen & Pixel zimerudi kuwa na maana: jina kubwa, rangi kali, kitu kimoja kinachomnasa anayepitisha kidole. Mwaka 2020 rapa 21 Savage na mtayarishaji muziki Metro Boomin walipotoa albamu ya Savage Mode II walimwendea Shawn Brauch mwenyewe awatengenezee jalada kwa mtindo uleule.

Mpwa wangu wa Umoja, Nairobi, anarap, na juzi alinitumia jalada la wimbo wake mpya. "Anko, hii imeweza?" Amesimama mbele ya jumba lenye bwawa la kuogelea alilolitoa kwenye intaneti. Nikamjibu kwamba amekata kichwa cha herufi ya kwanza, na kwamba sijui anatoka wapi, maana bwawa lile laweza kuwa la nchi yoyote. Akanirudishia hoja ambayo haikunipa usingizi mapema: mbona rapa Lil Wayne alikuwa na miaka 17 kwenye albamu ya Tha Block Is Hot na almasi zile zilikuwa za kompyuta? Ni kweli. Lakini nyuma ya Wayne kuna mtaa unaowaka, nikamwambia, almasi ziliwekwa juu ya hapo. Aweke Umoja kwanza, zile ghorofa zenye nguo zilizoanikwa kwenye balkoni, kisha apange dhahabu anayotaka. Anasema Umoja kila mtu anaiona kila siku na hakuna atakayebonyeza. Tumebishana wiki nzima, yeye na bwawa lake, mimi na balkoni zangu. Herufi ya kwanza angalau amekubali kuirekebisha.