Shamba la kukodi lilikuwa linaniliza, hivi ndo nilivyotatua

Mimi nakaa Dar, nimekodi ekari 10 za mpunga Ifakara, misimu miwili mfululizo natuma hela kwa ndugu wa kulekule afu mavuno hayaeleweki, mara mbolea imeisha mara ndege wamekula. Iliniuma sana aisee, ile ilikuwa hela ya mkopo.

Msimu huu nikatafuta bwana shamba, kijana aliyesomea kilimo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), tukaandikishiana mkataba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: mshahara kila mwezi, na juu yake gunia 1 kila tukivuna 20. Hapo kwenye gunia ndo penyewe, ukimpa mshahara mtupu hawezi kuwa na uchungu na shamba. Pembejeo nalipia mwenyewe moja kwa moja dukani, yeye anapokea na kunitumia picha za mifuko, na vibarua wa palizi analeta namba zao nawalipa mmoja mmoja.

Kapanda mbegu ya mpunga ya SARO 5 kwa mistari, mbolea ya urea kaweka mara mbili, kipindi cha ndege kaweka watu wa kuamia toka alfajiri. Tumetoa gunia 22 kwa ekari, zamani nilikuwa naambulia 9. Mwenye shamba nishaongea naye, tunaongeza miaka 3.