Maji ya pampu ya chini ya nyumba yamwagwe wapi?

Nyumba nyingi za Minnesota, jimbo la Marekani, zina chumba cha chini ya ardhi, na kwenye sakafu yake kuna shimo lenye pampu ya kutoa maji ya ardhini yanayojikusanya humo. Kosa kubwa ni kuunganisha bomba la pampu hiyo na sinki la kufulia au tundu la sakafuni. Hayo huingia kwenye bomba la maji taka, na miji mingi huko inakataza kabisa. Mingine hukagua na kutoza ada ya kila mwezi mpaka urekebishe. Sababu ina uzito: pampu ya nguvu farasi 1/3 husukuma zaidi ya lita 100 kwa dakika. Nyumba kumi zikifanya hivyo siku ya mvua, bomba la mtaa hufurika na kinyesi hurudi kwa jirani wa bondeni.

Tumia bomba gumu la plastiki (PVC) la inchi 1½, lenye valvu ya kuzuia maji kurudi, litokee nje ukutani. Mwaga kwenye nyasi, futi 10 hivi kutoka kwenye msingi. Ukimwaga karibu, maji yaleyale hurudi shimoni na pampu haipumziki. Usielekeze kwa jirani wala barabarani. Wakati wa baridi hugeuka barafu na watu huanguka vibaya.

Kama umeunganisha mpira wa kumwagia maji huko nje, uondoe kabla ya Novemba. Ukiganda, pampu husukuma bila njia, mota huungua, na chumba hujaa maji. Kuunganisha na mfereji wa maji ya mvua huhitaji kibali cha mji. Ulizia idara ya ujenzi kwanza.