Siku bosi wetu alishika pampu na mimi

Watu wanadhani kazi ya petroli stesheni ni kusimama tu ukingoja gari. Sawa, wacha niwapitishe siku moja, na siku yenyewe ilikuwa tarehe 14, mwenye ako na gari anajua hiyo tarehe ni gani, ndio siku bei mpya ya mafuta hutangazwa.

Saa kumi na nusu alfajiri nishaamka, chai, mtoto kwa jirani, matatu ya kutoka Free Area, saa kumi na mbili kasoro niko kazini. Tunasoma mita za pampu na wale wa usiku, tunaandika, tunasaini, wanaenda kulala. Hapo ndio supavaiza akaniletea mzee mmoja amevaa ovaroli yenye bado iko na mikunjo ya dukani, akasema huyu ndiye mkurugenzi, ametoka Nairobi, leo mnafanya pamoja pampu namba mbili. Sura sikuwa naijua lakini jina nalijua vizuri sana, liko chini ya ile barua imebandikwa ofisini, inasema pesa ikipungua kwa shifti yako unakatwa kwa mshahara, hakuna maelezo.

Mpaka saa nne ni boda boda tu. Supa ya hamsini, ya mia, ya mia, ya hamsini. Ya hamsini siku hizi haifiki hata theluthi ya lita, na bado lazima uinue mkono wa pampu, uweke, urudishe, uchukue pesa, utafute chenji. Bosi akaniuliza mbona tusikatae wa hamsini. Nikamwambia hao wakihama utabaki na Prado tatu kwa siku. Kijana mmoja kwa foleni akamwambia, "Buda, changamka, nimeacha abiria kwa jua." Akachangamka.

Saa tano akauliza kiti kiko wapi. Nilicheka nikaona ni vibaya. Kiti hakuna, na huo upepo wa Nakuru na vumbi lake ukianza hakuna pa kujificha. Saa saba tulikula githeri tumesimama, mikono inanuka dizeli hata ukioga na sabuni mara tatu.

Sasa ile ya Probox. Sisi kabla hatujaanza kuweka mafuta lazima tumwambie mteja "angalia ziro", aone mwenyewe pampu inaanza kwa ziro. Unasema hata mara mia tatu kwa siku, hadi usiku unaota ukisema. Bosi alikuwa amechoka, miguu imemshinda, ametoka kuwekea boda ya mia tano, huyo jamaa wa Probox akaingia akiwa kwa simu, "weka ya elfu tatu", bosi akaweka. Hakusema ziro. Jamaa akamaliza simu, akatoa elfu mbili mia tano. Ati mia tano ilikuwa ya yule wa boda, ati tumeendeleza hesabu ya boda bila kurudisha ziro. Mimi niliona pampu ikirudi ziro, ukiinua mkono inarudi yenyewe, lakini mtu hataki kuamini mashine utamfanyia nini? Bosi akamweleza. Jamaa akapandisha sauti, watu wakaanza kusonga karibu, nyuma kuna magari kumi yanapiga honi kwa sababu tayari uvumi umefika kuwa bei inapanda (tangazo la EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, hutoka jioni, lakini uvumi hutoka asubuhi). Mwishowe bosi akasema, "Mimi ndiye mwenye hii stesheni." Jamaa akamwangalia hiyo ovaroli, viatu vimejaa vumbi, akamwambia, "Na mimi ni gavana." Akawasha gari akaenda.

Kutoka hapo saa sikuangalia tena. Foleni ilifika barabarani, malori ya kuenda Malaba, matatu za Njoro, watu na mitungi, mama mmoja ananigombeza depo iko hapa hapa Nakuru na mafuta bado ni ghali, kana kwamba bei hupangwa na mimi. Bosi hakuongea. Nilikuwa namsikia tu, "Angalia ziro. Angalia ziro mama. Angalia ziro."

Jioni kufunga hesabu, mia tano haiko. Akatoa waleti. Supavaiza akasema hapana mkubwa, hiyo tutasahau tu. Sijui nilitoa wapi huo ujasiri, labda ni uchovu, nikasema si iandikwe kwa kitabu cha shoti, kile cha pesa zikipungua, kama zetu. Kukanyamaza. Bosi akachukua kitabu, lakini kabla aandike akarudi nyuma kurasa kadhaa. Jina langu liko mara tatu hapo. Mia mbili, elfu moja mia nne, hamsini. Akauliza hii ya elfu moja mia nne ilikuwa nini, nikamwambia huyo alijaza tangi akatoroka. Akasema, "Na ukalipa wewe?" Nikamwambia barua si ni yako.

Akaandika jina lake, mia tano, akasaini. Akatembea kwa gari yake akichechemea.

Jumatatu tuliletewa viti viwili vya plastiki. Barua bado iko ukutani, naipita kila asubuhi nikienda kusoma mita.