Swali Lililoandikwa Kabla ya Kupanda

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili, akina mama wenye kitalu cha mikoko huko Mikindani, Mombasa, kando ya hori la Tudor, waliniruhusu nioteshe miche katika udongo wa aina tano: tope tupu la hori, ambalo wao wamelitumia miaka yote, na michanganyiko minne yenye samadi, mchanga au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Kila aina ilikuwa na matuta matano. Tulipopima urefu wa miche, uchanganuzi wa varianza ulionyesha kwamba wastani wa makundi haukuwa sawa. Lakini jaribio la F, ambalo ndilo kipimo cha uchanganuzi huo, halisemi ni kundi gani linalotofautiana na lipi.

Nilimpelekea mhadhiri wangu majibu nikamwuliza, "Mwalimu, nilinganishe makundi yote mawili mawili?"

Hakulitazama jedwali. "Mwanangu, akina mama walikuuliza nini?"

Nilimfungulia daftari la kitaluni. Katika ukurasa wa kwanza, kabla ya mche wowote kupandwa, nilikuwa nimeandika maneno ya kiongozi wao: "Kuna udongo unaolishinda tope letu?"

Makundi matano huzaa jozi 10. Kila jozi ikipimwa kivyake kwa jaribio la t, linalolinganisha wastani wa makundi mawili, katika kiwango cha asilimia 5 (yaani tukikubali hatari ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo), na tuseme jozi hizo zisitegemeane, uwezekano wa kupata angalau tofauti moja ya uongo hukaribia asilimia 40. Jaribio la Tukey huzilinda jozi zote, kwa hiyo hudai mengi: kwa matuta yetu 25, tofauti ikigawanywa kwa kosa lake sanifu, yaani kipimo cha jinsi inavyoweza kuyumba kwa bahati tu, ilibidi ivuke 2.99, badala ya 2.09 ya jaribio la t la kawaida. Jaribio la Dunnett, la mwaka 1955, hulinganisha kila kundi na kundi la msingi pekee. Kwetu msingi ulikuwa tope, ulinganisho ukawa 4 tu, na kizingiti kikashuka hadi 2.65, hata kwa kuangalia pande zote mbili, maana udongo mpya ungeweza pia kuidumaza miche.

Mchanganyiko wa makumbi ulipata 2.8.

"Swali hili ungelitunga leo, baada ya kuiona hiyo 2.8," mwalimu aliniambia, "ningekukataza Dunnett." Naliona hili kuwa jambo zito kuliko hesabu yenyewe, kwa sababu kizingiti kinachochaguliwa baada ya matokeo kujulikana hakimlindi mtu yeyote.

Niliwaambia akina mama kwamba makumbi yamelishinda tope. Kiongozi wao alitaka kujua pia kati ya makumbi na samadi kipi bora, nami nikamweleza kwamba ulinganisho ule haukujibu hilo.