Siku Moja Maishani Mwangu: Nawapeleka Watu Kwenye Stesheni ya Thurmond

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Ni Ijumaa ya mwezi wa saba, hapa Beckley, West Virginia, Marekani, na ukungu umelala mlimani hata taa za jirani sizioni. Nakunywa chai ya rangi nimesimama. Mama hupiga simu saa hizi kwa kuwa kwao ni mchana, na swali lake ni lile lile: "Mwanangu, hao watu wanalipa pesa kwenda kuona nini hasa?" Namjibu kwamba ni stesheni ya reli, mama, katika mji ambao sensa ya 2020 ilikuta watu 5. Hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama nimekula.

Hata madereva wenzangu wanaokimbizana na uwanja wa ndege huiona kazi yangu kama matembezi. Ndiyo maana naandika.

Saa kumi na mbili nakagua gari: tairi, oili, taa, breki. Breki nazirudia.

Saa mbili na nusu nachukua wageni tisa. Kati yao yuko Mtanzania mwenzangu na mkewe na binti yao wa miaka kama minane. Niliposikia "Habari za asubuhi, kaka" nilifurahi, maana wiki zinapita sijasikia Kiswahili ndani ya gari langu. Akakaa mbele, kamera mapajani.

Saa tatu na nusu tunafika Glen Jean na kuingia barabara namba 25. Kutoka hapo ni maili 7 tu, lakini ni maili 7 za kutoa jasho. Barabara nyembamba inafuata kijito cha Dunloup, kona juu ya kona, na magari makubwa ya kulala watalii yanashauriwa yasiipite kabisa. Ukikutana na gari lingine mmoja wenu anabana pembeni, na kwa sababu mimi ndiye nimebeba watu, huwa ni mimi. Mwishoni lipo daraja la njia moja juu ya mto New River, magari upande mmoja, reli upande wa pili. Ukivuka, umefika Thurmond.

Kabla ya kufungua mlango nasema maneno yale yale kila siku. Msitembee relini. Msipige picha mkiwa relini. Mkivuka, simameni, tazameni pande zote mbili, sikilizeni, kisha vukeni bila kusimama katikati. Naona macho yao yameshatoka nje, kwenye maduka matupu. Wameambiwa huu ni mji mfu, basi wanadhani na reli imekufa.

Haijafa. Saa nne na dakika kadhaa Cardinal, treni ya abiria ya kampuni ya Amtrak kati ya Chicago na New York, inapita ikielekea mashariki. Hupita mara tatu kwa wiki kila upande, na hapa husimama tu kama kuna mwenye tiketi ya kupanda au kushuka. Leo asubuhi hakuna. Inapita, inapiga honi, na wageni wangu wanaruka nyuma.

Baada ya hapo ndipo nafanya ile sehemu ya kazi ninayoipenda. Stesheni yenyewe ni jengo la mbao la ghorofa mbili, refu na jembamba, lililojengwa mwaka 1904 baada ya la kwanza kuungua. Hifadhi ya taifa ililikarabati, na tangu 1995 ni mahali pa kupokea wageni. Nawasimamisha hapo nje nawauliza: barabara kuu ya mji iko wapi? Wanatafuta. Haipo. Maduka na benki vimejipanga ng'ambo ya reli, milango yao inatazama treni, kwa sababu treni ndiyo ilikuwa barabara. Kapteni William Thurmond alipewa ekari 73 hapa mwaka 1873 kama malipo ya kazi ya upimaji ardhi, mwaka ule ule reli ya Chesapeake na Ohio ilipokamilika kupita kwenye bonde hili. Makaa ya mawe yakaanza kushuka kutoka migodini, na Thurmond ikawa pale yanapokusanywa. Enzi zake stesheni hii ilipokea treni 15 za abiria kwa siku na watu hadi 95,000 kwa mwaka. Kisha injini za dizeli zikaja. Injini ya mvuke ilihitaji makaa, maji na mafundi kila baada ya safari fupi, na Thurmond iliishi kwa kuyatoa hayo. Dizeli haikuhitaji hata kimoja. Mnara wa zege wa kujazia makaa bado umesimama, nawaonyesha. Nikieleza hapo sauti yangu hubadilika, najua.

Saa tano hivi nawapa nusu saa ya kuzunguka wenyewe. Mwenzangu na binti yake wanavuka kwenda kupiga picha jengo la benki. Mkewe anabaki na mimi kivulini. Hapo likaja treni la makaa.

Liliingia polepole, vichwa vikapita, mabehewa yakafuata moja baada ya moja, meusi, marefu, na nilipofika hesabu ya sitini na kitu likasimama. Kati yetu na wao. Vichwa vilikuwa vimeshapotea nyuma ya kona, mkia nao huuoni.

Dakika kumi hakuna aliyejali. Dakika ishirini, naona viatu vya yule mwenzangu kupitia chini ya behewa. Anakuja kwenye maungio, pale behewa linaposhikana na lingine.

"Kaka," anapaza sauti, "hii imezimwa. Nampitisha mtoto kwanza, wewe mpokee."

"Hapana, kaka. Rudi nyuma."

"Ni hatua mbili tu!"

"Naomba umrudishe mtoto nyuma. Tafadhali."

"Sasa tutakaa huku mpaka lini? Nimelipa safari ya siku nzima, si ya kutazama behewa."

Nikamweleza, kwa kupiga kelele, jambo ambalo ningependa kila anayekuja hapa alijue. Kila ungio lina nafasi ndogo ya kuchezacheza. Kichwa kikivuta, behewa la kwanza linasogea, kisha la pili, kisha la tatu, na mshtuko unakimbia kutoka mbele hadi nyuma. Wewe uliye katikati hutaona kichwa kikiondoka, na kwa umbali ule honi unaweza usiisikie. Behewa litaruka tu.

Akanijibu: "Wewe ni dereva bwana, shughulika na usukani wako."

Liliniuma. Sitasema halikuniuma. Lakini nilikuwa nimekodoa macho kwenye mkono wake mmoja, ulioshika ngazi ya behewa, na mwingine uliomshika mtoto. Nikamgeukia mkewe: "Dada, mwite wewe." Akamwita kwa jina, mara moja, kwa sauti ambayo hata mimi ningeitii. Mhifadhi wa zamu naye akatoka, akapaza sauti kwa Kiingereza, akaenda kuipigia simu kampuni ya treni za mizigo. Jibu halikuwa na saa. Treni inasubiri njia, basi.

Kwa hiyo nikaanza kuzungumza na mtoto. Nikamwambia, mama, hesabu madirisha ya benki. Akahesabu, akapaza namba. Nikamwambia hesabu tena, ghorofa ya juu peke yake. Nikamsimulia kwamba benki hiyo ilifungwa mwaka 1931, na kwamba ng'ambo ya mto palikuwa na hoteli ya vyumba 100, Dun Glen, iliyoungua mwaka 1930. Akauliza kama watu waliungua. Nikabadilisha hadithi. Koo lilikauka, jua likahamia kichwani kwangu, wageni wengine wakawa wananijia mmoja mmoja kuuliza chakula cha mchana ni saa ngapi.

Dakika ya hamsini na kitu ulisikika mlio kutoka kwenye kona, kama mlango wa chuma unaobamizwa, kisha mwingine, kisha mfululizo unaotujia mbio. Behewa lililokuwa mbele yangu likaruka mbele na kutulia, likaruka tena, likaanza kwenda. Honi sikuisikia. Chini ya magurudumu niliona viatu vidogo vikirudi nyuma hatua nyingi, na vikubwa vikiwa vimeganda pale pale.

Walipovuka, hakusema samahani wala asante. Alisema, "Twende, tumechelewa." Kiti cha mbele alimpa mkewe.

Sehemu iliyobaki ya mchana siikumbuki kwa saa. Tulikula tukiwa tumechelewa, watu wawili walinung'unika waziwazi, na lile daraja kubwa la New River Gorge la mwaka 1977 waliliona kwa haraka kuliko linavyostahili. Nikawashusha. Nikafagia vumbi la makaa kwenye sakafu, nikafuta kioo kilichojaa alama za vidole vya mtoto. Mgongo unauma pale chini, pale pale pa siku zote. Ningelala hapo hapo kitini.

Lakini Ijumaa Cardinal hurudi jioni ikielekea magharibi, na nilikuwa na abiria mmoja wa kumpokea. Maili 7 tena, peke yangu, kioo wazi. Saa moja na kitu jua lilishajificha nyuma ya mlima, mto unasikika. Taa ikatokea kwenye kona, treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kondakta akaweka kigoda chini. Akashuka mzee mmoja mwenye begi dogo, akasimama akitazama huku na huku mpaka treni ikaondoka.

"Mji uko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ndio huu, mzee wangu, na kama miguu yake inaruhusu, mwanga bado upo, naweza kumwonyesha benki. Nikalipokea begi. Tukasubiri taa za mkia zipotee kabisa, tukatazama pande zote mbili, tukasikiliza, tukavuka.