Kisima hutangulia

Kila nikifundisha kupanda kwa usawa wa bahari, darasa linauliza lile lile: "Mwalimu, Tuvalu itazama mwaka gani?" Ni nchi ya visiwa vidogo vya matumbawe katika Bahari ya Pasifiki. Siwalaumu. Picha tulizoonyeshwa ni za kuzama tu. Mwaka 2009 Rais Mohamed Nasheed wa Maldives na mawaziri wake walifanya kikao chini ya bahari, mitungi ya hewa mgongoni. Mwaka 2021 Simon Kofe, waziri wa Tuvalu, aliuhutubia mkutano wa tabianchi wa Glasgow kwa video, kasimama baharini na suti yake, maji magotini. Picha kali, na zilifanya kazi yake. Ila zinatufanya tuhesabu miaka ya kuzama, wakati kisiwa kinaweza kuwashinda watu kikiwa bado juu ya maji.

Kwa hiyo siku hizi naanza na glasi. Natia maji ya chumvi yenye wino, halafu juu yake namimina maji matamu kupitia mgongo wa kijiko, polepole mno. Yanakaa juu, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Chini ya kisiwa cha matumbawe mambo ndiyo hayo: mvua huzama mchangani na kuwa tabaka la maji matamu linaloelea juu ya maji ya bahari. Kwenye visiwa vyembamba tabaka lenyewe ni la mita chache. Kisha naitikisa glasi (wa mbele hulowa, wameshazoea). Wimbi la dhoruba likivuka kisiwa, hufanya hivyo hivyo, na kisima kinaweza kukaa na chumvi miezi au hata miaka.

Watuvalu hulima pulaka, jamii ya magimbi, ndani ya mashimo yaliyochimbwa hadi kwenye tabaka hilo. Chumvi ikifika, zao linakufa. Maji ya kunywa yanabaki yale ya paani. Mwaka 2011 mvua iligoma, serikali ikatangaza hali ya hatari, Australia na New Zealand zikapeleka mitambo ya kuondoa chumvi. Ukame ule uliletwa na La Niña, hali ya asili ya kupoa kwa maji ya Pasifiki inayovuruga mvua, na sipendi kila balaa kubebeshwa mabadiliko ya tabianchi. Lakini mwenye kisima kizuri huvumilia ukame. Mwenye kisima cha chumvi hana pa kukimbilia.

Mkataba wa Falepili kati ya Tuvalu na Australia, ulioanza kutumika 2024, unaruhusu Watuvalu hadi 280 kwa mwaka kuhamia Australia. Tuvalu ina watu wapatao 11,000. Anayeomba kuhama namwelewa kabisa. Ila mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, kama ningeulizwa mimi, ungeanza na matangi ya mvua kwa wanaobaki.