Na tukisema hapana, Mwalimu?

Jumatatu, kipindi cha tatu, Darasa la Nne. Nimemaliza kufundisha hesabu za sehemu, vumbi la chaki limenijaa hadi kwenye nyusi, nikauliza kama ninavyouliza kila siku: "Tumeelewana?"

Watoto 92 wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyooo, Mwalimu!" Nikageuka kufuta ubao. Binti wa Dirishani (yule aliyeniuliza wiki ya kwanza kama na mimi chuoni huwa napewa kazi ya nyumbani) akanyoosha mkono, akasimama.

"Na tukisema hapana, Mwalimu?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Angekuwa na ujeuri ningelala vizuri. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

Nikamjibu, "Kaa chini."

Basi. Akakaa, kengele ikalia, nikabeba kikapu changu cha zana nikaenda ofisini kunywa chai. Tangu hapo nimeshamjibu mara mia. Nimemjibu nikiwa kwenye foleni ya maji, nimemjibu nikipiga pasi. Jibu zuri kuliko yote lilinijia saa nane usiku, refu, la hekima, hata mimi lilinigusa. Asubuhi nimelisahau. Kilichobaki ni "kaa chini" yangu na namna alivyokunja sketi kabla hajakaa.

Na kuna jambo la aibu zaidi. Mwisho wa andalio la somo kuna nafasi ya tathmini. Ya Jumatatu inasema: "Zaidi ya robo tatu ya wanafunzi wameelewa somo." Niliiandika Jumapili usiku. Msinitazame hivyo, mwenzangu wa chumbani huandika za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Lakini ndiyo hivyo: nilishajua wataelewa kabla sijawafundisha, na swali la "tumeelewana" lilikuwa la kufungia tu, kama kugonga mhuri.

Wiki ilikuwa na mengine. Dada alijifungua salama Jumanne, wa kiume, na Alhamisi mkufunzi alikuja kunikagua, akanipa alama ambazo mwanzoni mwa BTP (mazoezi yetu ya kufundisha) ningezifanyia sherehe. Kwenye maoni kaandika: "Ushirikishaji mzuri wa wanafunzi." Alikuwa amekaa nyuma, kaisikia ile ndiyooo.

Ijumaa nikashindwa kuvumilia. Wakati wa uji nikamfuata Binti wa Dirishani pale kwenye mwembe, kikombe mkononi.

"Jumatatu ulitaka kusema hapana?"

Akanishangaa. "Hapana, Mwalimu. Mimi nilielewa. Nilikuwa nauliza tu."

Siku tano! Siku tano nakosa usingizi, kumbe mwenzangu alikuwa anauliza tu. Nilicheka mpaka mwalimu wa zamu akageuka. Halafu binti akamsukuma mbele mvulana anayekaa naye dawati moja. "Huyu ndiye hajaelewa. Lakini anaitikia kwa nguvu kuliko wote."

Kijana akaangalia uji wake. Nikamwuliza ipi kubwa, robo au theluthi. Akajibu: robo, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Nikamwambia afikirie vizuri. Akafikiria, akasema robo anaijua, anatumwa dukani robo ya sukari. "Theluthi hawauzi, Mwalimu."

Hawauzi kweli. Nilipoteza kipindi kizima kukata vipande vya maboksi na kuvipaka rangi, na sikuwahi kufikiri kwamba neno lenyewe mtoto huyu hajawahi kukutana nalo nje ya ubao wangu. Nikatoa andazi langu. Hili mkigawana watatu, kila mmoja anapata theluthi. Akija wa nne? Hakusubiri nimalize. "Kumbe tukiongezeka tunapata kidogo! Nyumbani tuko saba, Mwalimu." Akalitazama andazi. "Ya saba inaitwaje?"

Subui, nikamwambia. Wakalicheka hilo neno wote wawili, wakagawana andazi nusu kwa nusu, mimi nikabaki na chai kavu.

Nilirudi ofisini nikaifuta ile robo tatu kwa rula na kalamu nyekundu, nikaandika chini yake: "Nimehakikisha mmoja. Waliobaki 91 sijui." Mwalimu mlezi ataiona Jumatatu na sidhani atafurahi, yeye anapenda daftari safi. Kwa kipindi kijacho nimekata vikaratasi, kila mtoto aandike jibu lake bila kuitikia chochote. Vikaratasi 92 ni vingi kusahihisha kwa taa hii ya sola inayozimika saa tatu, lakini tutaona.

Ningeandika zaidi ila nimeona ujumbe wa Mama sasa hivi, umeingia jana saa tano usiku: "Ukiamka nipigie." Mama huwa analala saa mbili. Nimepiga mara nne, simu haipatikani.